Gari Dogo Kubwa

Machi 4, Jumatatu

Daftari hili nimepewa na daktari wa mazoezi wa Baba. Ukurasa wa kwanza amenipigia mistari kwa mkono wake mwenyewe: tarehe, goti limekunjika nyuzi ngapi, mgonjwa amelalamikia nini. Jaza kila siku, amesema, hata kama hakuna kitu.

Leo hakuna kitu. Goti halijakunjika hata uzi mmoja, na alichokilalamikia mgonjwa ni mimi. Kwa kuwa nafasi iliyobaki ni kubwa, nitaandika ninavyotaka.

Wiki sita zilizopita Baba aliteleza kwenye ngazi za nyuma zilizotoka kuoshwa, na pia ya goti ikapasuka vipande vitatu. Wameishona kwa waya. Mguu umefungwa banzi kutoka paja hadi kifundo, umenyooka kama mpini wa ufagio. Daktari anasema mfupa umeshika vizuri, kazi iliyobaki ni mazoezi hospitalini kila Jumanne na Ijumaa, miezi mitatu. Asipokwenda, goti litaganda hivyo lilivyo na ataburuta mguu maisha yake yote.

Amekwenda mara moja. Gari tulilokodi lilikuwa dogo, tukamwingiza kama watu wanaoingiza kabati, na njia nzima unyayo wa Baba ulikuwa nje ya dirisha. Mama mmoja barabarani alicheka mpaka akashika kiuno. Baba aliporudi alisema hatoki tena nyumbani kwa gari la mtu yeyote, akageukia ukuta.

Mtu huyu aliendesha magari ya wakubwa wa shirika miaka thelathini na minne bila kukwaruza hata taa.

Machi 5, Jumanne

Goti: sifuri. Hakwenda. Mvua tangu asubuhi.

Machi 7, Alhamisi

Goti: sifuri.

Nimeamua kununua gari. Nilikuwa na akiba ya mashine mpya ya kushonea ngozi, lakini ile ya zamani itanivumilia, tumeshazoeana kwa matusi.

Mimi ni fundi wa viti vya magari. Karakanani wananiita Sindano, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Viti nimefungua vya kila aina, magari yenyewe huwa siyaangalii sana. Nilimuuliza jirani yangu wa karakana, fundi makanika tunayemwita Kimya, ninunue lipi. Alifuta mikono, akafikiri, akasema, "Kapime mguu." Kwa Kimya hiyo ni hotuba.

Nikarudi nyumbani na futi ya kushonea. Nikampima Baba kutoka kwenye nyonga hadi kisigino, akiwa ameegemea mto.

"Unanipimia jeneza?" akauliza.

"Nakupimia kiti."

"Pima na upana basi, usije ukanibana."

Mama alicheka huko jikoni. Baba hakucheka.

Machi 12, Jumanne

Goti: sifuri. Hakwenda.

Nimempata dalali. Jina lake silijui, kila mtu anamwita Usijali kwa kuwa ndilo neno analoanzia na kumalizia. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

"Nataka gari dogo kubwa."

"Usijali. Dogo au kubwa?"

"Gari dogo. Lakini liwe kubwa."

"Kubwa la juu?"

"La chini. Refu. La familia. Nyuma kuwe na nafasi ya mtu kunyoosha mguu mzima."

"Yaani gari kubwa."

"Ukiniletea lori nitakushona mdomo."

Kosa si lake. Sisi kila kisicho basi wala lori tunakiita gari dogo, hata kiwe na urefu wa sebule. Akaandika kwenye kiganja chake: gari dogo kubwa. Akaniambia nisijali.

Machi 16, Jumamosi

Goti: sifuri. Lakini mgonjwa amecheka.

Usijali kaleta kigari cha milango miwili kilichoinuliwa kwa matairi makubwa. Kilisimama mbele ya nyumba kama kuku aliyevaa viatu vya mtu. "Dogo," akasema Usijali, akionyesha gari. "Kubwa," akaonyesha matairi. Baba aliona yote kupitia dirisha la chumbani. Nilimsikia kutoka barazani, kicheko kile cha zamani kinachoanzia tumboni. Nilikuwa nimeshajiandaa kumtolea Usijali maneno, nikamsamehe papo hapo.

Machi 19, Jumanne

Sifuri. Mvua. Hakwenda.

Machi 23, Jumamosi

Usijali ametupeleka, mimi na Kimya, kuona gari lenyewe hasa. Refu, la fedha, limeng'arishwa mpaka nikajiona nywele. Mwenye gari ni bwana mmoja mwenye miwani mikubwa, akapiga moto, injini ikatulia kama paka. Kimya alilala chini ya gari akatoka bila neno, kumaanisha hajaona ubaya. Viti vimevishwa ngozi mpya kabisa.

Mimi kiti kipya kwenye gari la zamani kinanipa wasiwasi. Niliingiza vidole kwenye mshono wa nyuma, pale sponji inapokutana na chuma, nikavuta. Vidole vikatoka na vumbi jekundu, laini kama poda. Nikainama kuangalia reli ya kiti. Kutu, mstari mmoja ulionyooka, urefu wa shubiri moja kutoka sakafuni, kila upande.

"Gari hili limekaa ndani ya maji," nikamwambia bwana wa miwani. "Yalifika hapa."

Akasema haiwezekani. Nikamwomba aje anuse sponji. Akasema ana haraka. Usijali alishangaa kuliko sote, namwamini katika hilo. Yeye huwa anauziwa mbuzi kwenye gunia kabla ya mteja wake.

Machi 28, Alhamisi

Goti: sifuri. Kaka amepiga simu kutoka huko anakofanya kazi, anashauri tununue gari la juu, la kuhimili matope. Nilimuuliza kama Baba atalipanda kwa ngazi au kwa kamba. Akakata simu, kisha akapiga tena kumsalimia Mama.

Aprili 2, Jumanne

Goti: sifuri.

Daktari wa mazoezi kapiga simu mwenyewe. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema amebakisha wiki mbili za kusubiri. Baada ya hapo goti halitafunguka kwa mazoezi, itabidi Baba alazwe, apewe dawa ya usingizi, na walikunje kwa nguvu, na kwa umri wake hilo hawalipendi.

Nilimwambia Baba. Akasema, "Sawa," kama mtu aliyeambiwa chakula kimechelewa. Nilitoka nje nikasimama chini ya paa la jikoni nikalia kidogo, sauti ya mvua ikinisaidia. Mama alinipa ndoo iliyojaa nikamwage. Ndivyo anavyofariji.

Aprili 6, Jumamosi

Leo nitaandika mengi.

Asubuhi Usijali alikuja, na nyuma yake likafuata gari refu la rangi ya maziwa ya chai, likienda taratibu mno. Aliyekuwa akiliendesha ni mwalimu mkuu mstaafu, mama mwembamba aliyevaa koti hadi magotini. Alishuka, akatusalimu mmoja mmoja, akasema gari lilikuwa la marehemu mumewe, na yeye hawezi kulipitisha getini kwake bila kugonga ua.

Nikafungua mlango wa nyuma. Nimefanya kazi hii miaka ishirini, sijawahi kuona kitu kama kile. Viti vyote, mbele na nyuma, vilikuwa bado na karatasi ya kiwandani. Nailoni ile ngumu inayowekwa ili viti visichafuke safarini. Ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na kupasuka pembeni, na mipasuko imezibwa kwa utepe wa gundi, tabaka juu ya tabaka.

"Alikuwa hataki iguswe," Mwalimu akasema. "Miaka kumi na saba. Wakati wa joto tunanata, wakati wa baridi tunateleza. Alisema tutaitoa siku maalumu."

"Ikafika?" akauliza Mama.

"Zilifika nyingi. Kila ikifika, anasema ya mbele."

Hapo ndipo Baba alipotokea mlangoni na magongo yake. Hakuna aliyemwita. Alilizunguka gari polepole, akagonga kila tairi kwa ncha ya gongo, akasikiliza. Akamwomba Kimya, niliyekuwa nimemwita aje kulikagua, apige moto. Akafumba macho. "Limetunzwa," akasema. Kimya akatikisa kichwa kukubali.

Nilimwomba Mwalimu ruhusa, nikachana karatasi ya kiti cha nyuma kwa kisu changu. Ilitoka kwa kelele. Chini yake kulikuwa na kitambaa laini cha rangi ya mchanga, hakina hata alama ya kukaliwa. Sponji imejaa, nzito, ya kazi ya zamani. Siku hizi hawaweki hivyo. Nilipima kwa futi. Nikikitoa kiti cha abiria cha mbele, mguu wa Baba unaingia wote na nafasi ya kujinyoosha inabaki.

Mwalimu alikuwa akikitazama kile kitambaa. "Naweza kukaa kidogo?" akauliza, gari likiwa bado ni lake.

Nikashuhudia hili: Baba, na banzi lake, akaegemeza gongo moja ukutani, akamfungulia mlango kwa mkono mmoja, akausimamia mpaka alipotulia, akaufunga bila kuupiga. Mkono ulifanya wenyewe. Mwalimu akakaa humo kama dakika tano, vioo vimefungwa, mikono imepakatwa. Aliposhuka alisema tu, "Kumbe ndivyo kulivyokuwa." Kisha akatuuliza kama tuna chai.

Tumelichukua.

Aprili 8, Jumatatu

Nimekitoa kiti cha mbele, ni bolti nne tu. Mahali pake nimeweka ubao nilioujaza sponji ngumu na kuuvisha kitambaa, mguu ulale sawa. Magongo nimeyatengenezea mahali nyuma ya dereva, na mto wa akiba. Kesho Jumanne.

Nani ataendesha? Leseni ninayo, imelala kabatini. Huwa naendesha magari ya wateja, lakini ndani ya uzio wa karakana, kutoka kwenye jua kuyapeleka kivulini.

Aprili 9, Jumanne

Goti: nyuzi kumi na tano! Alilalamikia: uendeshaji wangu.

Hakuna abiria mbaya kama dereva. Tangu getini ni "kioo", "nimeona", "hujaona". Nikibadili gia anavuta pumzi. Nikipiga honi anaomba radhi kwa watu wa nje, ambao hawamsikii. Mvua ilikuwa kubwa, na tulipofika hospitalini nilisimama vizuri kabisa mbele ya ngazi, nikajipongeza, nikashuka pakavu. Mlango wa Baba ulikuwa juu ya dimbwi.

"Dereva hasimamishi mlango wake," akasema kutoka ndani. "Anasimamisha mlango wa aliyembeba."

Ikabidi nirudi, nizungushe, nisimame upya. Niliwaza maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni tuliporudi, pale pale tulipomwacha. "Mlipita njia gani?" akauliza. Nikamjibu, "Ya kawaida," nikaenda kubadili viatu.

Aprili 12, Ijumaa

Niandike jambo la leo kabla sijaanza kulipamba.

Tulifika. Safari hii mlango wake niliusimamisha sawasawa kwenye ngazi. Mlinzi wa pale, mzee wa makamo na mwavuli mkubwa, alikuja mbio kwenye mvua akafungua mlango wa nyuma, akainama na kusema, "Karibu, bosi."

Baba aliuvuta mlango akaufunga. Nusura ambane vidole.

"Nirudishe nyumbani," akasema.

Nilidhani mguu unamuuma. Akasema mguu hauumi. Nikamwambia daktari anasubiri. Akasema daktari ana wagonjwa wengine. Mlinzi amesimama nje na mwavuli wake, hajui aende au akae. Nyuma yetu gari lingine linapiga honi. Nikaliondoa gari nikaenda kusimama mwisho wa uwanja, kando ya matangi ya maji, nikazima moto, nikampandishia sauti. Sijivunii. Nilimwambia nimeng'oa kiti, nimepindisha mgongo juu ya ule ubao, nimejifunza uzeeni kuendesha kwenye mafuriko na yeye ananihesabia makosa, na kama anataka kuwa kilema kwa kiburi aniambie nimrudishie Mwalimu gari lake akalikalie yeye anayelithamini. Nilisema neno hilo, kilema. Nililisikia likitoka.

Nilimwona kwenye kioo, kipande tu, jicho na shavu.

"Mwanangu," akasema, "wale niliowabeba huku nyuma sikuwapenda."

Nikageuza kioo nimwone uso wote.

"Wapo wawili watatu walikuwa watu. Wengine nilikuwa nawatazama kwenye hicho kioo unachonitazamia, nasema moyoni, tazama, mtu mzima hawezi kufungua mlango. Hawezi kubeba mkoba wake. Anasubiri aguswe kiwiko kama yai. Miaka thelathini na minne nimesema hivyo, kila siku ya kazi, naitikia ndiyo mkubwa na ndani nawacheka. Ndicho kilichonifikisha kustaafu. Nilijiambia, mimi maskini lakini najifungulia mlango." Akagonga banzi kwa vidole. "Sasa tazama ni nani amekaa huku."

Sikujua. Nimeishi na mtu huyu maisha yangu yote, nimekula naye asubuhi na jioni, nikadhani ni ukaidi tu. Nilikuwa nimeshaandika humu mara ngapi kwamba hataki kwenda, na sikuandika hata mara moja kwa nini, kwa kuwa sikuuliza.

Nikamwambia, "Baba, mimi ndiye niko kwenye kioo sasa. Unataka kujua nakuwazia nini?"

"Nini?"

"Breki. Tangu nyumbani nawaza breki. Kila nikisimama naona mguu wako unaruka na wewe unauma meno. Sijui nifanyeje. Sijapata hata nafasi ya kukucheka."

Mvua ilipiga paa. Nilimsikia akihema, kisha akajisogeza mbele mpaka sauti yake ikawa karibu na sikio langu.

"Unakanyaga umechelewa," akasema. "Anza mapema, kidogo kidogo. Halafu, gari likikaribia kusimama, usikaze. Iachie breki, kidogo tu, kama unayemwachia mtu mkono. Gari lisiiname kichwa."

"Iachie kabla halijasimama?"

"Kabla kidogo. Washa."

Tukazunguka uwanja ule. Naondoka, nasimama. Naondoka, nasimama. "Umeinama. Tena. Umeinama. Tena." Watu waliokuwa wamejikinga mvua barazani walitutazama kama vichaa. Mara ya tisa au ya kumi gari lilisimama nami sikujua kama limesimama. Niliona tu tangi la maji halisogei. Nikatazama kioo. Mguu ulikuwa umetulia kwenye ubao.

"Hiyo," akasema Baba. Hajawahi kunisifia mshono hata mmoja, lakini leo alisema hiyo.

Kisha akasema, "Nipeleke mlangoni. Tumechelewa."

Yule mzee wa mwavuli alibaki kwa mbali, ameshaumwa na nyoka. Baba akashusha kioo. "Kaka," akamwita, "samahani kwa lile. Nikopeshe bega."

Goti: nyuzi ishirini na mbili.

Aprili 16, Jumanne

Ishirini na nane. Hakulalamikia kitu. Nimeandika hivyo na daktari ameniuliza kama nina uhakika.

Aprili 19, Ijumaa

Thelathini na tatu. Njiani alianza kunisimulia habari za wale wakubwa. Mmoja alikuwa akiimba akidhani kioo cha katikati kinazuia sauti. Mwingine alilia kimya kila Jumatatu, toka nyumbani hadi kona ya ofisi, kisha anafuta uso na kushuka. "Huyo nilimcheka pia," Baba akasema. "Nilifikiri ni mlevi."

Aprili 30, Jumanne

Arobaini na sita. Mvua imekata barabara ya chini, tukapita juu. Mama akauliza tulipita wapi. Nikamwambia.

Mei 10, Ijumaa

Sitini. Wamefungua sehemu ya juu ya banzi. Amelia wakati wanalikunja goti, kisha akawaomba waendelee.

Baba na Mlinzi sasa ni marafiki, wanajadili nani kati ya madaktari anaegesha vibaya zaidi.

Mei 17, Ijumaa

Goti: sitini na nane.

Leo nimegundua jambo, na limeninyima raha. Tulipokuwa tunatoka getini nilitazama kioo cha pembeni nikamwona Mama amesimama barazani, kama kila Jumanne na kila Ijumaa. Amevaa viatu. Si kandambili za nyumbani, viatu vile vyeusi vya kutokea, vimepakwa rangi. Nikajaribu kukumbuka safari zilizopita, na nadhani alikuwa navyo siku zote.

Mama hajapanda gari hili hata siku moja. Lina wiki sita nyumbani. Mwanzo alisema, "Nyie nendeni, nitawaongezea uzito tu," nasi tukakubali mara moja, kama watu waliokuwa wakingoja aseme. Nafasi ilikuwapo. Nyuma yangu, kwenye kiti kile kizuri, kuna mahali pa mtu mzima kukaa na kujinafasi. Hapo nililaza magongo.

Nikauliza, "Baba, Mama amewahi kupanda magari uliyoendesha?"

"Ya ofisi hayakuruhusiwa."

"Na siku za sherehe, mlipoazima gari?"

Akafikiri mbali sana. "Alikaa nyuma na ninyi. Mimi mbele." Baadaye, karibu na hospitali, akasema bila kuulizwa, "Sijawahi kukaa naye ndani ya gari. Yaani kukaa."

Tuliporudi Mama akauliza tulipita wapi. Nikakaa naye jikoni nikamsimulia njia nzima, duka kwa duka, mpaka mboga ikaungua. Nilitaka kumwambia aje nasi Jumanne. Baba alikuwa nyuma yangu mlangoni, nilipogeuka akajiwekea kidole mdomoni. Sijui ana lipi.

Mei 24, Ijumaa

Sabini na tisa. Mvua haba. Mgonjwa anafanya mazoezi hata nyumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda anahesabu kwa sauti. Zamani tulimbembeleza aanze, sasa tunambembeleza aache.

Mei 28, Jumanne

Themanini na nne. Alimuuliza daktari inatakiwa ngapi ili mtu akae kwenye gari kama watu wengine. Daktari akasema tisini. Baba akasema, "Basi ni Ijumaa." Daktari akacheka. Baba hakucheka.

Mei 31, Ijumaa

Themanini na nane. Njia nzima alikuwa akilikanda goti.

Juni 4, Jumanne

Tisini na mbili.

Daktari alipima mara mbili, kisha akampa mkono. Amesema banzi sasa ni la usiku tu, gongo moja linatosha, na wiki chache zijazo, taratibu na kwa njia fupi, anaweza hata kushika usukani. Nilimtazama Baba nikidhani atarukaruka. Alishukuru tu, akauliza kama ubao ule ninaweza kuutoa leo.

Juni 7, Ijumaa

Jua limewaka tangu asubuhi, ardhi inatoa mvuke. Leo hakuna hospitali. Daktari ametupa wiki ya mapumziko.

Baada ya chai Baba alioga, akavaa suruali yake nyeusi ya kazi na shati la mikono mirefu, akatoka na gongo moja. Nilikuwa nimekirudisha kiti cha mbele na kukaza bolti zote nne. Nikamwelewa, au nilidhani nimemwelewa. Nikamfuata nje nikamkabidhi ufunguo. Nilijua daktari alisema wiki chache, lakini mtu aliyengoja hivi nisingemnyima kuzunguka nyumba.

Aliupokea, akaushika kidogo mkononi. Akalizunguka gari, akagonga matairi. Akasimama kwenye mlango wa nyuma, akaufungua, akamwita Mama kwa jina la kitoto ambalo nilikuwa silijui na sitaliandika hapa.

Mama alitoka akijifuta mikono. Alikuwa na viatu vyake.

"Nani anaumwa?" akauliza.

"Hakuna anayeumwa. Panda."

Akapanda. Alikaa ukingoni kabisa, kama mtu aliyeombwa asubiri, mkoba juu ya magoti. Baba alikuwa bado ameushika mlango, na mimi nikasogea pembeni nimpishe apite aende mbele kwenye usukani.

Hakwenda. Akaninyooshea ufunguo, akainama, akamwambia Mama, "Sogea."

Mama akamtazama. "Nisogee wapi?"

"Ndani. Nami nakaa."

Akasogea. Baba aliingiza gongo, kisha mguu mzima, kisha akalishika goti kwa mikono miwili akalikunja taratibu, na likakunjika, akaketi. Mlango aliuacha wazi. Nilichukua muda kuelewa kwamba ananisubiri. Nikaenda nikaufunga, bila kuupiga.

Nikakaa kwenye usukani nikawasha. Sikutaka kutazama kioo lakini nilitazama. Walikuwa wamekaa wima wote wawili kama wanaopigwa picha, na Mama alikuwa akipapasa kitambaa cha kiti kwa kiganja, mbele nyuma, mbele nyuma.

"Tunakwenda wapi, Baba?" nikauliza.

"Muulize mama yako."

Nikamuuliza.

"Mimi?" akasema Mama. "Mimi mara zote nilikuwa napelekwa tu. Sijawahi kuulizwa."

"Basi fikiria," Baba akasema. "Usiharakishe. Dereva anasubiri."

Mama akageuza uso dirishani, akaanza kufikiria, na mimi nikasubiri.